Kufundisha Ng'ambo kwa Sapoti: Hii Kazi Iliundiwa Nani?

Kila wiki lazima mtu anitumie lile tangazo kwa inboksi. Picha ya milima, watoto wa rangi zote wamevaa hudi, mwalimu kijana anacheka na gitaa mkononi. Shule ya bweni, ya Kikristo, ya kimataifa, nchi fulani ya mbali. Wanatafuta mwalimu wa hesabu, wa sayansi, wa Kiingereza, na mlezi wa bweni. Unasoma roho ikipanda mpaka chini kabisa, pale maandishi yanaanza kuwa madogo, halafu unakutana na ile sentensi: nafasi hii haina mshahara, mwalimu atajichangishia sapoti yake. Hapo ndipo mtu wangu ananiuliza, "Buda, hii ni ukora ama ni ya ukweli?"

Ni ya ukweli. Najua mmechomwa na maajenti wa Gulf, mmechomwa na "lipa elfu tano ya usajili", kwa hivyo mtu akisikia kazi bila mshahara anakimbia kwa komenti kuandika SCAM kwa herufi kubwa. Lakini hizi shule zipo, zimekuwepo tangu kabla shosh yako azaliwe, na walimu wake ni walimu kweli. Wasiwasi wangu ni mwingine kabisa. Kazi hii iliundwa ikimfikiria mtu fulani, na huyo mtu si Mkenya. Sijaona tangazo hata moja likisema hivyo waziwazi. Na kwa sababu hakuna anayesema, Mkenya anaomba, anakubaliwa, anafurahi, halafu anakwama kwa ukuta wa pesa akifikiri ni imani yake ndiyo ndogo.

Wacha nianze na ile iliyo karibu. Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya juu, kuna mahali unakunja kushoto unashuka hadi Kijabe. Jina ni la Kimaasai, lina habari ya upepo, na ukifika huko jioni bila sweta utaelewa. Hapo kuna Rift Valley Academy. Mashabiki wa raga ya shule wanaijua vizuri. Ilianzishwa mwaka 1906 na Africa Inland Mission, shirika lililoanza kazi 1895. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani na amekuja huku kuwinda wanyama, akaweka jiwe la msingi la jengo lao la Kiambogo. Jengo bado lipo.

Shule ilikuwa ya watoto wa wamisionari. Mzazi yuko ndani ndani, labda Kongo, labda Sudan, hakuna shule ya kufaa mtaala wa kwao, na kumrudisha mtoto Marekani kwa meli ni safari ya wiki nyingi na kutoonana kwa miaka. Kwa hivyo wakajenga shule ya bweni katikati. Kitu hicho hicho kilifanyika kote duniani: Woodstock kule Mussoorie, India, tangu 1854, Chefoo kule Uchina, 1881, Dalat, iliyoanza Vietnam 1929 na ikahama nchi mpaka ikatulia Penang, Malaysia, Black Forest Academy kule Ujerumani, 1956. Kwa hawa wote swali la karo lilikuwa moja. Mmisionari hana pesa. Ukilipa walimu mshahara wa kimataifa, karo inapanda, na mzazi ambaye shule ilijengwa kwa ajili yake hawezi kumleta mtoto.

Jibu lao lilikuwa kumfanya mwalimu mwenyewe awe mmisionari. Shule haimlipi. Kanisa lake la nyumbani ndilo linamlipa.

Inafanyika hivi. Shirika linakaa chini na wewe na linapiga hesabu ya mwezi: chakula, nyumba, bima ya afya, nauli, akiba ya uzeeni, pesa ya dharura ya kukurudisha nyumbani, na asilimia inayobaki kwa shirika kuendesha ofisi. Unapewa namba. Halafu unaanza kuzunguka kanisa hadi kanisa, sebule hadi sebule, na picha zako na hadithi yako, ukiomba watu waahidi kiasi fulani kila mwezi. Mpaka ahadi zifike namba ile, au karibu sana, hupandi ndege. Ukishafika huko unaandika barua kila mwezi: watoto wanaendelea vipi, nilifundisha nini, niombeeni hili na lile, asanteni.

Nilipoelezwa hii mara ya kwanza nilicheka, manze. Hiyo si ndio kazi yangu? Watu wanajisajili, wanatuma kidogo kidogo kila mwezi, na mimi naleta kontenti ili wasiondoke. Patreon ilianza 2013. Hawa watu wamekuwa wakifanya hivyo kwa karatasi na stempu kwa zaidi ya karne. Kwa hivyo nikiongea kuhusu kuishi kwa ahadi za watu, naongea nikijua. Najua ule mwezi ambao watu kumi wanajitoa kimya kimya na hakuna anayekuambia kwa nini. Tofauti ni kwamba mimi nikikosa doh nakula ugali na sukuma kwetu Kayole. Mwalimu wa sapoti akikosa, yuko Asia, na visa yake imeshikwa na hiyo kazi.

Sasa kazi yenyewe. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wanaona gitaa tu.

Mimi nilipelekwa bweni nikiwa darasa la nne. Sanduku la bati, kufuli mbili, godoro limeandikwa jina kwa rangi. Wale mliopitia hapo mnajua kwamba mtoto wa miaka tisa hakumbuki mwalimu alifundisha nini. Anakumbuka nani alimwona analia nyuma ya mifereji ya kufulia na akafanya nini. Kwangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Hakunihubiria. Alinituma dukani kumletea biro, akanipa chenji nikae nayo. Shilingi kumi na mbili. Nimesahau mambo mengi ya shule hiyo lakini chenji ile nakumbuka sarafu kwa sarafu.

Mwalimu wa hizi shule za kimataifa anafanya hiyo kazi ya biro na chenji usiku na mchana. Asubuhi anafundisha aljebra, jioni ni kocha wa mpira, usiku anakagua taa za bweni, saa tisa ya usiku kuna mtoto ana homa na mama yake yuko nchi nyingine ambako mtandao umekatika. Wikendi haipo. Kijabe mfumo wao unajulikana, miezi mitatu shuleni, mwezi mmoja nyumbani, inazunguka hivyo mwaka mzima. Hebu fikiria mtoto ambaye amefunga sanduku mara tatu kila mwaka tangu akiwa mdogo. Mtu mzima aliye karibu naye si baba wala mama, ni mwalimu.

Mfano mkubwa wa hii kazi watu wanaujua kwa sababu isiyo yake. Eric Liddell, yule Mskoti aliyekataa kukimbia mchujo wa mita 100 siku ya Jumapili, akashinda dhahabu ya mita 400 Paris 1924. Filamu ilitengenezwa na ikachukua Oscar. Ila filamu inaishia pale ambapo kazi inaanza. Jamaa alizaliwa Tianjin mwaka 1902, wazazi wamisionari, akasomea bweni Uingereza mbali nao, na akiwa bingwa wa Olimpiki akarudi Uchina kuwa mwalimu. Vita ilipofika, Wajapani wakamfungia kambi ya Weixian. Na nani aliletwa hapo 1943? Shule ya Chefoo, na watoto wake na walimu wao. Wazazi walikuwa mbali, upande mwingine wa vita. Wengine walikaa zaidi ya miaka mitano bila kuwaona.

Walimu wa Chefoo hawakufunga shule. Walifundisha ndani ya kambi, na wakubwa wakafanya mitihani yao humo humo. Liddell hakuwa hata mwalimu wa hiyo shule, lakini aliwafundisha, akawapangia michezo, na watoto wakamwita Anko Eric. Alikufa Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilikombolewa Agosti. Mimi si mtu wa kanisa sana, mnanijua. Lakini mtu akiniuliza kufundisha shule ya bweni ya Kikristo ni nini, sitamtumia tangazo lenye gitaa. Nitamwambia asome kuhusu Weixian.

Kuna upande mwingine pia, na anayekuuzia hii kazi bila kuutaja anakudanganya. Kule Mamou, nchini Guinea, kulikuwa na shule ya bweni ya aina hii hii, ilifungwa 1971. Miaka baadaye waliosoma pale wakiwa watoto walianza kuongea, wakakataliwa, wakaendelea kuongea, mpaka kanisa lililoimiliki likakubali tume huru ichunguze. Ripoti ilitoka 1998. Ilithibitisha kwamba watoto waliteswa na kudhulumiwa na watu wazima waliowekwa kuwalea. Fikiria mtego wao: mtoto akilalamika, anaambiwa anaharibu kazi ya Mungu ya mzazi wake. Barua za nyumbani zinasomwa na mwalimu kabla hazijatumwa. Nani atajua?

Kwa hivyo ukitumiwa tangazo na hawajakuomba cheti cha tabia njema cha DCI, hawajaita watu watatu kuuliza wewe ni nani, hawajakueleza mtoto akiwa na shida anaripoti wapi mbali na wewe, toka. Shule inayokuchunguza sana ndiyo nzuri. Wasee wengi huniambia "walinisumbua na makaratasi, nikaacha". Wewe ungetaka mtoto wako alale kwa bweni la mtu ambaye hakusumbuliwa na makaratasi?

Haya. Turudi kwa doh, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu iko.

Nina binamu, mwalimu wa hesabu na kemia. Alimaliza chuo na digrii nzuri, ana namba ya TSC, na kama maelfu ya walimu wengine wenye namba ya TSC, namba yake imekaa. Alipata nafasi ya intaneship ya Junia Sekondari, ile ya shilingi 20,000 kabla ya makato. Mnaijua, mliwaona barabarani 2024 na matawi. Mwaka jana akaomba kazi kwenye shule moja ya bweni kule Asia. Akafanyiwa mahojiano matatu, akafundisha somo la majaribio kwa video, wakampenda. Shule sitaitaja jina. Wakamtumia barua ya kumkubali, na namba yake: dola 1,900 kwa mwezi. Kwa bei ya saa hii ni kama shilingi 245,000. Yaani mara kumi na mbili ya kile anachopata saa hii, na anatakiwa akipate kwa kuomba watu wanaopata kama yeye.

Kuna kijana wa Marekani walikuwa naye kwenye mafunzo ya mtandaoni, rika lake, ametoka chuo juzi, somo hilo hilo. Alimaliza kuchangisha kwa miezi saba. Makanisa manne, daktari wa meno wa familia yao, na mjomba. Si mtu mbaya, hata alimtumia binamu wangu mfano wa barua yake ya kuomba. Barua nzuri. Ilianza kwa kusema kwamba kwa bei ya vikombe vichache vya kahawa kila mwezi unaweza kumpeleka mwalimu. Binamu yangu alinionyesha akaniuliza, "Sasa hii kahawa nitaitafsiri aje kwa watu wa Mwea?"

Baada ya miezi kumi na moja amefika asilimia 18. Na hizo asilimia 18 si mchezo, ni kama shilingi 44,000 za ahadi kila mwezi, kutoka kwa watu ambao nawajua kwa majina na najua vile wanaishi. Chama ya mama yake. Wasichana watatu waliolala naye chumba kimoja chuoni. Fundi wa pikipiki ambaye alimfundisha mtoto wake. Mimi mwenyewe niko kwenye hiyo orodha, na mnajua mimi si Njeri wa viwanja.

Alipoenda kanisani kwao, pasta alimsikiliza vizuri. Akamwambia, "Mwalimu, hii ni heshima kwa kanisa, tutakuombea." Mweka hazina akasema, "Tiketi ya ndege tunaweza kukufanyia harambee, hiyo haina shida." Halafu mzee mmoja wa kamati, mtu wa busara kweli, akauliza kile ambacho wote walikuwa wanafikiria: "Lakini mwalimu, si hao wenye shule ndio wanafaa kukulipa? Si hao ni wazungu?"

Msimcheke huyo mzee. Swali lake lina akili kuliko lile tangazo. Kwake, pesa ya misheni siku zote imetoka kule ikija huku. Hospitali ilijengwa na kule, shule ilijengwa na kule, hata benchi alilokalia pengine. Hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba sasa ni zamu yake. Na cheki vile sisi tunatoa. Tunatoa sana, pengine kuliko wao ukilinganisha na mfuko, lakini tunatoa kwa tukio. Matanga, harusi, bili ya hospitali, karo ya sekondari, tiketi ya ndege. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anachapisha majina, siku ikifika tunafunga hesabu na kundi linakufa. Ahadi ya kila mwezi kwa miaka miwili inahitaji mtu mwenye mshahara unaoingia tarehe ile ile. Ule mfumo wote wa sapoti umesimama juu ya payslip ya mtu wa tabaka la kati wa Ohio. Ukimpa mwanakijiji wa Kirinyaga ambaye pesa yake inakuja na mchele, haumpimi imani. Unampima msimu.

Na kabla mtu aseme "aende tu nchi nyingine kufundisha kwa mshahara", hiyo milango nayo mnaijua. Korea Kusini, visa yao ya kufundisha Kiingereza kwenye vituo vya lugha imepewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Unaweza kuwa umeota kwa Kiingereza tangu nasari, haikusaidii. Upande wetu Mmarekani anayekuja Kijabe kwa misheni anakuta sheria yetu ina daraja zima la kibali la watu wa dini na hisani, herufi I, tofauti na lile la ajira ya kawaida. Silalamikii hilo. Nasema tu sisi tulimwekea mlango.

Sasa, nimesikia utetezi, na wa kwanza nauheshimu. Wanasema shule ikianza kulipa mishahara, karo itapanda, na atakayeumia wa kwanza ni mtoto wa mmisionari maskini. Ni kweli. Na siku hizi mmisionari huyo si lazima awe Mzungu, anaweza kuwa Mnigeria au Mkenya mwenzetu. Lakini shule nyingi za aina hii tayari zinatoza viwango tofauti: mtoto wa mmisionari analipa kidogo, mtoto wa mfanyabiashara au wa balozi analipa kamili. Kwa hivyo wanajua kupiga hesabu ya usawa pale wanapotaka. Wangeweza kufanya hivyo kwa walimu pia. Anayetoka nchi yenye makanisa tajiri alete sapoti yake yote. Anayetoka Kenya, Ufilipino au Ethiopia alete kile kanisa lake linaweza kweli, na shule imalizie. Si huruma hiyo. Wanapata mwalimu wa kemia ambaye amefundisha watoto sabini kwenye darasa moja bila maabara, na watoto wao wanaona Mwafrika akiwa mbele ya darasa na siyo jikoni tu.

Na hapo jikoni ndipo utetezi unaniishia. Wanasema hawana bajeti ya mishahara, lakini mpishi analipwa, dereva analipwa, mlinzi analipwa, wote wenyeji. Pesa kidogo, lakini ni mshahara. Ina maana shule inajua kulipa mtu. Imeamua tu kwamba kazi fulani ni ya mshahara na fulani ni ya wito, na mstari huo unafuata paspoti kwa namna ambayo kila mtu anaiona na hakuna anayeitaja. Tarehe 5 Agosti 2002, watu wenye bunduki walivamia Murree Christian School, shule ya bweni ya watoto wa wamisionari kule Pakistan. Hakuna mwanafunzi aliyeuawa. Waliouawa walikuwa sita, wote Wapakistani, wakiwemo walinzi waliokuwa langoni. Hao nao walikuwa na wito? Sijaona tangazo lenye picha ya mlinzi.

Utetezi wa pili unatoka kwetu wenyewe, na unauma zaidi. Kwa nini aende kufundisha watoto wa watu na wetu hawana walimu? Shangazi yangu alimuuliza hivyo mezani, Krismasi. Binamu yangu akamjibu polepole, "Tata, nikitoka leo kiti changu kitajazwa kabla ya Ijumaa." Na ni hivyo. Kenya haina upungufu wa walimu, ina upungufu wa mishahara ya walimu. Madarasa yako wazi na walimu wako Gikomba wanauza viatu. Akibaki haongezi mwalimu hata mmoja, anashikilia tu nafasi ya mwingine aliye kwenye foleni.

Wale wanasema Waafrika hatuwezi kutuma watu, waangalie Korea. Wamisionari wa Kiprotestanti walianza kuingia kule miaka ya 1880, karibu wakati ule ule waliokuwa wanazunguka huku kwetu. Leo Korea Kusini ni moja ya nchi zinazotuma wamisionari wengi zaidi duniani, na makanisa yao yanawalipa. Hawakungoja mpaka kila Mkorea awe tajiri. Sisi tuna chombo tayari, kinaitwa chama. Kuna wamama hapa wametoa elfu moja kila mwezi kwa miaka ishirini bila kukosa, vita, uchaguzi, korona, hawakukosa. Hao wanajua ahadi ya kila mwezi kuliko mtu yeyote wa Ohio. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba chama inaweza kununua kitu zaidi ya shamba Juja na sufuria za kukodisha. Vyama vitano vya watu ishirini, kila mtu elfu moja, ni laki moja kwa mwezi. Haifiki 245,000. Lakini ni nusu ya safari karibu, na hiyo nusu nyingine ndiyo naidai kutoka kwa shule, mchana peupe.

Binamu yangu ana mpaka mwisho wa Juni, baada ya hapo nafasi wanampa mwingine. Wiki mbili zilizopita aliwaandikia shule akawapa hesabu yenyewe, bila kupamba: hiki ndicho kanisa langu na vyama vyangu vinaweza, hiki ndicho kinabaki, je, kuna mfuko wa kukijaza? Aliniuliza kama ni ukosefu wa adabu. Nikamwambia kukosa adabu ni kumpa mtu wa elfu ishirini barua ya vikombe vya kahawa. Wamejibu kwamba bodi itakaa tarehe 14. Mara ya kwanza wanasema kitu kingine zaidi ya "endelea kumtumaini Mungu".

Wewe uliye na mzazi kwenye kamati ya misheni kanisani, leo jioni muulize swali moja: bajeti yetu ya misheni mwaka huu ni ngapi, na imemtuma nani wapi? Uniletee jibu kwa komenti. Na kama unafanya kazi kwenye hizo shule, iwe ni mwalimu, mpishi ama mlinzi, inboksi iko wazi, jina lako sitalitoa.